Rafu Juu ya Moto: Gesi, Mbao na Hewa Katika Nyumba za Isinya

Kuanzia Juni hadi Agosti, tambarare za Kajiado hubadilika sura. Mawingu hushuka asubuhi yakakaa hadi adhuhuri, upepo huvuma bila mti wa kuuzuia, na mtu aliyeizoea Isinya kama nchi ya jua na vumbi hujikuta amejitanda blanketi saa mbili usiku. Mji huu, ulio kando ya barabara ya Namanga baina ya Kitengela na mji wa Kajiado, umekaa karibu mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Nyumba nyingi zilizojengwa hapa miaka ya karibuni ni za watu waliotoka Nairobi na kununua ploti ya hamsini kwa mia, na hazikujengwa kwa kuifikiria baridi: kuta za mawe zisizo na kitu cha kuhifadhi joto, sakafu ya vigae, dari ndefu, madirisha mapana. Kwa hiyo mwenye uwezo huweka meko ya ukutani sebuleni, ile ambayo mafundi huiita faiapleisi. Kuni zina moshi, makaa yanaua, basi huchagua gesi ya mtungi. Juu ya meko huweka rafu ya mbao. Juu ya rafu hutundika televisheni.

Rafu hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa. Mwenye nyumba akiuliza kama mbao haitaungua, jibu analopewa mara nyingi ni la rangi: "Mama, usijali, tutaipiga vanishi mara tatu." Nimeshawishika kwamba jibu hilo limekosea mahali pa kuangalia. Mbao hulindwa kwa kuipangia hewa moto njia ya kupita, na hilo huamuliwa kabla fundi wa mbao hajaitwa. Tena rafu inayobadilika rangi huwa inatoa habari za mambo mengine, hasa za kichomeo na za hewa ambayo watu wa nyumba ile wanaivuta.

Tuanze na joto lenyewe. Moto wa gesi huifikia rafu kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto linalorushwa mbele kama mwanga, lile unalolihisi usoni ukiwa umekaa kwenye kochi. Hili husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo rafu iliyo juu ya mdomo wa meko hupata sehemu yake ndogo tu. Ya pili ni hewa moto. Hutoka sehemu ya juu ya mdomo, hukwea ukuta ikiwa imeugandamia, na kitu cha kwanza kuizuia ni tumbo la rafu. Hapo hujikusanya, hutafuta ukingo, kisha huendelea juu hadi kwenye televisheni na dari. Kadiri rafu inavyotokeza, ndivyo hewa ile inavyokaa chini yake kwa muda mrefu. Ndiyo sababu vipimo viwili havitengani: umbali kutoka juu ya mdomo wa meko hadi tumbo la rafu, na kina cha rafu kutoka ukutani hadi ukingo wake wa mbele. Fundi anayekupa kimoja bila kingine hajakupa kitu.

Kanuni ya Marekani ya NFPA 211, katika sehemu yake ya meko za matofali zinazochoma kuni, inataka mbao yoyote iwe angalau milimita 150 kutoka kwenye mdomo, na mbao iliyo juu ya mdomo ikitokeza zaidi ya milimita 38 iwe angalau milimita 300 juu yake. Sasa angalia mbao zinazouzwa kwenye yadi za Kitengela. Mtu akitaka rafu nzuri hununua nane kwa mbili, yaani bamba lenye upana wa inchi 8, milimita kama 200, na mara nyingi huliweka lote litokeze. Hicho ni zaidi ya mara tano ya ile milimita 38. Kwa meko za gesi za kiwandani, kila modeli huja na jedwali lake kwenye kijitabu, na mwelekeo wake huwa uleule: rafu ikiongezeka kina, lazima ipande juu. Kijitabu hicho ndicho sheria ya meko ile. Tatizo ni kwamba meko nyingi hufika Isinya bila kijitabu, ama kwa sababu zilinunuliwa zikiwa zimetumika, ama kwa sababu zilitengenezwa na fundi wa jua kali kwa bomba lililotobolewa matundu na kufunikwa mawe ya volkano.

Na mbao huvumilia joto kiasi gani? Mbao kavu ikiwa na mwali karibu hushika moto inapofika nyuzijoto 250 hadi 300 hivi, na rafu ya kawaida haifiki huko. Watu wakilisikia hilo hutulia, na hapo ndipo hatari inapoingia. Mbao inayopashwa kila usiku, mwaka baada ya mwaka, hubadilika ndani. Hukauka kupita kiasi, huwa kahawia, kisha sehemu yake huanza kugeuka kuwa makaa bila mwali wowote kuonekana, na mbao iliyofika hali hiyo huhitaji joto dogo kuliko mbao mpya ili ishike. Kwa sababu hiyo viwango vya vifaa vya gesi vya Marekani haviruhusu mbao ya jirani ipande zaidi ya takriban nyuzi 65 juu ya joto la chumba. Chumba kikiwa na nyuzi 20, mbao isizidi 85. Huo ndio ukomo wa usalama. Starehe na urembo hukoma mapema zaidi: vanishi hulainika, gundi za viungo huchoka, na mbao za MDF, ambazo zimeshikanishwa kwa gundi ya yuria na fomaldehidi, huanza kutoa harufu kali inayochoma macho.

Kuna jambo la Kajiado hasa ambalo huongeza shida. Mbao nyingi za saipresi na msonobari hufika dukani zikiwa bado na unyevu. Fundi huzipiga randa, huzipaka rangi na kuzifunga ukutani wiki hiyohiyo. Hewa ya tambarare hizi ni kavu, na hewa iliyopita juu ya moto ni kavu zaidi, kwa hiyo rafu hupoteza maji upande wa chini kabla ya upande wa juu. Hupinda, hupasuka kwenye ncha, na msonobari hutoa utomvu unaometa kama asali. Mwenye nyumba hulaumu moto. Moto una sehemu yake, lakini mbao ile ingepinda hata kama ingewekwa juu ya mlango. Anayetaka rafu ya mbao Isinya aianike kivulini kwa miezi, ikiwa imepangwa juu ya vijiti ili hewa ipite pande zote, kabla ya kuigusa kwa randa.

Piga magoti mbele ya meko iliyotumika misimu miwili na uelekeze tochi juu, kwenye tumbo la rafu. Watu wachache hutazama hapo, kwa sababu mtu aliyesimama huona uso na ukingo tu, na hizo ndizo sehemu zinazong'arishwa. Ukiona mstari wa kahawia uliokolea katikati, mpana kama mdomo wa meko na unaofifia kuelekea pembeni, hiyo ni kazi ya hewa moto peke yake. Ukiona vanishi imetoa mapovu madogo, imepita nyuzi zake mara nyingi. Ukipitisha kidole kikatoka cheusi, simama hapo. Hayo ni masizi, na gesi ya mtungi inayowaka vizuri haiachi masizi.

Masizi yanatupeleka kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote katika suala hili, na halizungumzwi kabisa. Meko nyingi za gesi zimesanifiwa kwa ajili ya nchi zilizo karibu na usawa wa bahari. Kwenye mita 1,600 shinikizo la hewa ni kama asilimia 82 ya lile la Mombasa. Kila pumzi ya hewa inayoingia kwenye kichomeo ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano, ilhali nozeli imetobolewa kwa hesabu ya pwani. Gesi inakuwa nyingi kuliko hewa. Mwali unarefuka, unageuka njano, unalamba juu ya mdomo wa meko, na masizi yanaanza. Kanuni za Marekani zinataka kifaa cha kawaida cha gesi kipunguzwe nguvu kwa asilimia 4 kwa kila futi 1,000 za mwinuko pale kinapofungwa juu ya futi 2,000. Isinya ina futi zaidi ya 5,000. Hesabu hiyo inatoa punguzo la takriban moja ya tano, na hufanywa kwa kubadilisha nozeli. Fundi wa bomba wa Kitengela anaweza kuwa hodari kabisa katika kuziba mivujo na asiwe amewahi kuambiwa habari hii na muuzaji yeyote.

Kuna kosa jingine la jamii hiyohiyo. Meko zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza zilitengenezwa kwa gesi asilia inayofika majumbani kwa bomba za mtaa. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na kila mita yake ya ujazo ina nishati zaidi ya mara mbili ya gesi asilia. Ukiipitisha kwenye nozeli ya gesi asilia bila kuibadilisha, meko hutoa joto linaloweza kukaribia maradufu ya lile lililoandikwa kwenye kibao chake. Hapo jedwali lolote la umbali wa rafu, hata kama umelipata, halina maana tena. Ndiyo maana nasema rafu iliyoungua ni shahidi. Mwenye nyumba anayekimbilia kubadilisha mbao kwa mbao nyingine amemfukuza shahidi na kumwacha mkosaji ndani.

Rangi ya mwali inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu meko za mapambo husanifiwa makusudi ziwe na mwali wa manjano kiasi, zifanane na kuni. Kwa hiyo njano pekee haitoshi kuhukumu. Dalili za kutazama ni mwali unaogusa magogo bandia hadi kuyaachia weusi, mwali unaorukaruka na kuacha kichomeo, kioo kinachopata utando mweusi baada ya siku chache, na harufu inayobaki chumbani nusu saa baada ya kuzima.

Sasa hewa ya chumba. Kuna meko za gesi zilizozibwa kwa kioo mbele, zinazovuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje kwa bomba lenye njia mbili. Kuna zilizo wazi mbele, zenye dohani. Na kuna zisizo na dohani kabisa, ambazo hutoa kila kitu ndani ya chumba. Hizi za mwisho ndizo rahisi kununua na rahisi kufunga, na ndizo zinazoitesa rafu kuliko zote, kwa kuwa hakuna sehemu ya joto inayokwenda nje. Hutoa pia maji. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikiungua hutoa kama kilo 1.6 za mvuke wa maji. Meko ya kilowati 6 hula karibu nusu kilo kwa saa, hivyo jioni moja ya saa 3 huingiza zaidi ya lita 2 za maji kwenye sebule iliyofungwa madirisha. Mvuke huo huganda kwenye kuta baridi za mawe na kwenye vioo. Rafu huuvuta usiku ikavimba, kisha kesho yake jioni hukaushwa tena. Kuvimba na kukauka huko huchosha mbao na gundi zake haraka kuliko joto peke yake.

Na kuna kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi Kenya hupoteza watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Gesi ni safi zaidi kuliko makaa, sina ubishi na hilo, na ningependa kila nyumba iliyozoea kuingiza jiko la makaa chumbani ihamie kwenye gesi kesho. Lakini gesi iliyokosa hewa hutoa sumu ileile. Sebule ya Isinya katika Julai, mlango umezibwa kwa kitambaa chini ili upepo usiingie, kichomeo kimepimwa kwa hewa ya pwani, hakuna dohani: hizo ni sababu tatu zilizokutana katika chumba kimoja. King'ora cha kaboni monoksaidi ni kifaa kidogo na bei yake haifiki hata ya rafu yenyewe.

Hofu ya watu kuhusu gesi imeelekea kwingine, na inaeleweka. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, ikaua na kuunguza watu waliokuwa majumbani mwao. Tangu hapo neno gesi likitajwa, mtu hufikiria mlipuko. Ni sawa kuweka mtungi nje, ukiwa umesimama wima mahali penye hewa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama kwenye mashimo. Ila mlipuko hujitangaza. Joto la polepole linalokausha mbao nyuma ya televisheni halina kelele, na halitengewi hofu yoyote.

Kuhusu moshi na nyumba, Kajiado ina historia ndefu kuliko ya ploti hizi. Katika enkaji, nyumba ya Kimaasai inayojengwa na wanawake kwa fito, udongo na samadi ya ng'ombe, moto huwa ndani karibu na vitanda, na moshi hutokea kwenye vitundu vidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la ITDG, ambalo leo huitwa Practical Action, lilifanya kazi na wanawake wa Kajiado kutafuta njia za kupunguza moshi huo. Miongoni mwa walivyovijaribu ni madirisha makubwa zaidi na kofia za bati zilizoning'inizwa juu ya moto, zenye bomba la kutolea moshi paani. Kofia ile ni ndugu wa damu wa rafu ya meko. Huko Ulaya katika zama za kati, kile kilichotokeza juu ya moto kilikuwa kofia ya kukusanya moshi na kuupeleka kwenye dohani. Baadaye, hasa baada ya mwanasayansi Count Rumford kuonyesha mwishoni mwa karne ya 18 kwamba dohani yenye koo jembamba na kuta za pembeni zilizofunguka nje huvuta moshi vizuri zaidi, kofia haikuhitajika tena kuwa kubwa, na kilichobaki mbele ya ukuta kikawa pambo la kuwekea saa na picha. Walowezi wakaja nalo Nairobi na Limuru, na kutoka nyumba zao likaingia katika ndoto za wajenzi wetu.

Naliandika hilo kwa sababu linaeleza kinachofanya kazi. Kofia ya bati ya Kajiado iliwekwa juu ya moto ili kuongoza hewa. Rafu ya mbao ya Kitengela imewekwa pale pale, na inaizuia hewa hiyohiyo bila kuiongoza popote. Dawa ya kwanza ya rafu iliyo chini mno, kwa hiyo, ni kurudisha kofia kwa kiasi kidogo: ukanda wa chuma uliokunjwa, unaofungwa kwenye ukingo wa juu wa mdomo wa meko na kutokeza mbele sentimita 8 au 10, ukiwa umeinama kidogo kuelekea juu. Hewa moto badala ya kukwea ukuta husukumwa kuelekea katikati ya chumba, mahali ambapo watu wanaihitaji. Fundi yeyote wa kuchomelea madirisha aliye kando ya barabara ya Namanga anaweza kuukunja kwa saa moja. Atumie chuma cheusi au cha pua. Mabati ya kawaida yamepakwa zinki, ambayo haifai kupashwa mara kwa mara karibu na mwali. Kwa meko iliyozibwa kwa kioo, ukanda huo usizibe matundu yoyote ya kiwandani, na feni ndogo ya kusukuma hewa mbele hufanya kazi bora zaidi, mradi umeme uwepo.

Dawa ya pili ni ngao chini ya rafu. Wengi huikosea. Hugongomelea bati moja kwa moja kwenye tumbo la mbao, na bati likipata joto hulikabidhi lote kwa mbao iliyo nyuma yake. Ngao inahitaji nafasi ya hewa ya milimita 25 kati yake na mbao, ishikiliwe na vipande visivyoungua, na nafasi hiyo iwe wazi mbele na nyuma ili hewa baridi ipite. Ni hewa ile inayopita ndiyo inayofanya kazi ya ulinzi. NFPA 211 inatambua kwamba ngao ya bati yenye nafasi kama hiyo inaweza kupunguza umbali unaotakiwa kwenye kuta kwa hadi theluthi mbili. Sehemu hiyo iliandikwa kwa majiko ya kuni na kuta, kwa hiyo nisingeitumia kuisogeza rafu chini. Ningeitumia kuisaidia rafu ambayo tayari ipo na haiwezi kuhamishwa.

Rangi zinazodaiwa kuzuia moto nazitaja kwa haraka. Zile za kweli huvimba zikipata mwali na kununua dakika chache za kutoroka. Haziipunguzii mbao joto la kila siku hata kidogo.

Swali ambalo linanivuta zaidi ni kwa nini rafu iwe ya mbao hapa. Isinya imezungukwa na mawe. Marumaru huchimbwa Kajiado kwenyewe, na vipande vyake husagwa kuwa kokoto za terazo. Mawe ya Ndarugo ndiyo yaliyojenga kuta za nyumba hizihizi. Mawe bapa ya Mazeras hupanda lori kutoka pwani na kubandikwa kwenye nguzo za mageti. Rafu ya jiwe au ya zege iliyomiminwa pamoja na linta hailazimiki kutimiza umbali wowote wa mbao, haipindi, wala haihitaji vanishi. Bei yake ukijumlisha matengenezo ya miaka kumi haifiki ya mbao ngumu, ambazo zilipanda thamani baada ya serikali kusimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, katazo ambalo serikali ilitangaza kuliondoa Julai 2023.

Hata hivyo jiwe nalo lina masharti. Marumaru imeundwa kwa fuwele za kalsiti ambazo hutanuka zaidi upande mmoja kuliko mwingine zikipata joto, kwa hiyo bamba jembamba linalopashwa na kupoa mara nyingi hupinda polepole na kulegea chembe zake. Milimita 30 ni unene wa chini ninaoweza kuutetea. La hatari zaidi ni gundi. Mafundi wa vigae hupenda kubandika mabamba kwa gundi ya plastiki, ambayo hulainika kwa joto ambalo rafu ya meko hulifikia kwa urahisi. Bamba la marumaru la kilo 40 likiachia juu ya zulia ambalo watoto huchezea, hakuna haja ya kueleza zaidi. Rafu ya jiwe ishikiliwe na vyuma vilivyozikwa ukutani na kujengewa kwa saruji. Ukuta uliotengenezwa kwa mbao za jipsamu haufai kuibeba, wala haufai kuwa karibu na mdomo wa meko: moja ya tano ya uzito wa jipsamu ni maji yaliyofungwa ndani ya fuwele zake, na ikikaa kwa muda mrefu juu ya nyuzi 52 huanza kuyapoteza, karatasi yake ikawa njano na ubao ukawa unga.

Televisheni nayo ina ukomo wake. Watengenezaji wengi huandika kwamba isitumike mahali ambapo hewa inazidi nyuzi 40, na sehemu yake ya nyuma juu ya meko isiyo na dohani hupita hapo bila shida. Kwa kweli ningeihamishia ukuta mwingine. Anayekataa aiweke ndani ya shubaka lililorudi nyuma ya uso wa ukuta, rafu iwe mbele kama paa la hewa. Hii ni nafasi moja ambapo rafu ya jiwe iliyotokeza inasaidia kweli.

Kupima hakuhitaji maabara. Washa meko kwa nguvu zote kwa saa 3, madirisha yakiwa kama yanavyokuwa jioni ya kawaida. Kipimajoto cha infraredi kinachouzwa kwa mafundi wa magari kitakupa joto la tumbo la rafu, ukingo, na ukuta wa nyuma ya televisheni. Usikielekeze kwenye bati linalong'aa, kwa sababu kitakudanganya. Bandika kipande cha tepu ya karatasi, upime tepu. Asiye na kifaa aweke mshumaa wa kawaida wa dukani ukiwa umelala juu ya rafu, na kipande kingine kwenye ukingo. Nta yake hulainika na kuyeyuka kati ya nyuzi 50 na 65. Mshumaa ukipinda, televisheni haina kazi pale; ukiyeyuka kabisa juu ya rafu, tumbo la rafu limo kwenye eneo la hatari. Kioo cha mbele cha meko zilizozibwa kisiguswe hata baada ya kuzima: kinaweza kupita nyuzi 250, na ni kwa ajili ya watoto kwamba viwango vya Marekani vililazimisha meko mpya za aina hiyo ziuzwe zikiwa na wavu wa kukinga kuanzia mwaka 2015.

Gharama ya gesi nayo huamua mengi. Mtungi wa kilo 13 kwenye meko ya kilowati 6 hudumu saa 28 hivi, yaani siku tisa ukiwasha saa 3 kila jioni. Kodi ya ongezeko la thamani kwenye gesi ilirudishwa mwaka 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022, ikaondolewa mwaka 2023, na hata hivyo mitungi mitatu kwa mwezi ni mzigo kwa familia nyingi. Kuna faida iliyojificha humo. Familia inayoweka pazia zito, zulia kwenye vigae na kuziba mianya ya madirisha inaweza kuridhika na meko ya kilowati 3, na meko ya nusu ya nguvu huipa rafu mzigo mdogo sana. Kuziba huko kufanyike pale tu ambapo meko inavuta hewa yake kutoka nje.

Kanuni za ujenzi za mwaka 1968 ziliongoza Kenya kwa zaidi ya nusu karne kabla ya kanuni mpya ya 2024 kuanza kutumika Machi 2025. EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, hutoa leseni kwa wanaohifadhi, kujaza na kuuza gesi, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi husajili wakandarasi. Katikati ya hao wote, meko ndogo ya sebuleni Isinya hufungwa na watu watatu wasiokutana: mwashi aliyejenga mdomo, fundi wa bomba aliyeleta gesi, seremala aliyeweka rafu. Kila mmoja amemaliza kazi yake vizuri na hakuna aliyewajibika kwa joto. Kwa hiyo mwenye nyumba awakutanishe siku moja, meko ikiwa inawaka, kabla ya malipo ya mwisho. Fundi wa bomba aonyeshe nozeli aliyoifunga na aseme imepimwa kwa gesi gani na kwa mwinuko gani. Seremala apime tumbo la rafu baada ya zile saa 3 na aandike nambari nyuma ya ubao kwa penseli, pamoja na tarehe. Msimu wa baridi unaofuata, meko isafishwe, ipimwe tena mahali palepale, na nambari mpya iandikwe chini ya ile ya kwanza. Ikiwa imepanda zaidi ya nyuzi chache, aitwe fundi wa gesi kwanza.